Aseniki kidogo kwenye maji ya kunywa na kisukari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wanaokunywa maji ya kisima na wana mgonjwa wa kisukari nyumbani, au wanahofia kuwa naye. Wanachotaka kujua ni hiki: aseniki kidogo, isiyomwangusha mtu wala kumtapisha, ikinywewa kila siku kwa miaka mingi inaweza kuchangia kisukari? Jibu langu ni kwamba inaelekea ndiyo, ingawa kwa kila mtu mmoja mmoja mchango wake ni mdogo. Kwa hiyo usikikimbie kisima chako kabla hujakipima. Sababu za kusema hivyo ziko hapa chini.

Aseniki ni nini, na inaingiaje kisimani?

Ni elementi ya asili iliyomo kwenye miamba na udongo, mahali pengine kwa uchache sana, mahali pengine kwa wingi. Maji ya ardhini yakikaa muda mrefu ndani ya mwamba wenye aseniki, huiyeyusha na kuibeba. Hapo hakuna kiwanda wala mtu wa kulaumiwa. Maji yametoka hivyo ardhini.

Uchimbaji wa dhahabu unaongeza tatizo kwa njia yake. Dhahabu mara nyingi hukaa pamoja na madini yaitwayo asenopairaiti, yenye chuma, salfa na aseniki. Mwamba ukishatolewa kwenye duara (shimo la wachimbaji), ukasagwa kwenye karasha (mashine ya kusagia mawe), kisha marudio, yaani mabaki ya mwamba uliosagwa, yakaachwa juani na mvuani, hewa na maji huyafungua madini hayo na aseniki huanza kutiririka kuelekea bondeni.

Aseniki inayozungumzwa hapa ni ile isiyo ya kikaboni, ndiyo inayopatikana majini na ndiyo yenye madhara. Ya kwenye samaki wa baharini ni ya aina nyingine na ina swali lake mbele.

"Kidogo" ni kiasi gani?

Aseniki hupimwa kwa maikrogramu kwa lita. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni maikrogramu 10 kwa lita, na Kiwango cha Afrika Mashariki cha maji ya kunywa kinataja kiasi hichohicho. Kukiona kiasi hicho kwa akili ni vigumu: simtanki la lita 5,000 lililojaa maji ya kiwango hicho lina miligramu 50 za aseniki, yaani uzito wa punje mbili tatu za mchele.

Watafiti wa kisukari wamekuwa wakiita "kidogo hadi wastani" kila kilicho chini ya maikrogramu 150. Siku hizi mjadala umeshuka chini zaidi, kwenye 50, kwenye 10 na hata chini ya hapo, kwa sababu huko ndiko waliko watu wengi.

Kwa hiyo maji yakiwa chini ya 10 ni salama kabisa?

Hapana, na hili watu wengi hawaelezwi. Mwaka 1958 Shirika la Afya Duniani lilikubali maikrogramu 200 kwa lita. Mwaka 1963 likashusha hadi 50. Mwaka 1993 likashusha tena hadi 10, na hiyo 10 yenyewe likaiita ya muda. Iliwekwa hapo kwa kuzingatia ugumu wa kuipima na kuiondoa aseniki chini ya kiasi hicho. Haikuwekwa kwa sababu mtu alithibitisha kwamba chini ya 10 hakuna madhara.

Marekani ilibaki kwenye 50 hadi mwaka 2001 ilipopitisha 10, na mifumo ya maji ikapewa hadi Januari 2006 kutekeleza. Denmark na jimbo la New Jersey wameweka 5. Bangladesh, yenye mzigo mkubwa kuliko nchi yoyote, bado inatumia 50. Ukiziangalia namba hizi pamoja unaona kwamba kila moja imetokana na sayansi kwa upande mmoja na uwezo wa nchi kwa upande mwingine. Kwa nyumba yako, chini ya 10 ni lengo zuri, na kadiri inavyoshuka ndivyo bora.

Aseniki inahusianaje na sukari ya damu?

Kwa njia kadhaa zilizoonekana maabara, kwenye seli na kwenye wanyama. Ya kwanza ni kongosho. Seli zinazotengeneza insulini hudhoofishwa na msongo wa kikemikali unaoletwa na aseniki, na insulini inayotolewa baada ya mlo hupungua. Ya pili iko kwenye misuli na mafuta: insulini ikifika, seli inatakiwa isogeze vibebeo vya sukari hadi kwenye utando wake wa nje ili sukari iingie. Aseniki inavuruga ujumbe huo katikati, vibebeo havisogei inavyopasa, sukari inabaki kwenye damu. Ya tatu ni kwamba aseniki hunata kwenye vimeng'enya vinavyoigeuza sukari kuwa nguvu, na kuvizuia kufanya kazi.

Hii ni picha ya kisukari cha aina ya pili. Utafiti wote ninaoutaja hapa unahusu aina hiyo, isipokuwa pale ninaposema ni kisukari cha mimba.

Wazo hili lilianzia wapi?

Kwenye pwani ya kusini-magharibi ya Taiwan. Watu wa vijiji vya huko walikunywa kwa miaka mingi maji ya visima virefu yenye aseniki ya mamia ya maikrogramu kwa lita, na wengi walipata ugonjwa wa miguu kuwa myeusi na kuoza. Watafiti walipowapima sukari, katika ripoti iliyotoka mwaka 1994, waliona kwamba aliyekunywa aseniki nyingi zaidi katika maisha yake alikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kisukari. Baadaye taarifa zinazofanana zikatoka Bangladesh.

Historia ya Bangladesh inauma. Kuanzia miaka ya 1970 wananchi walihimizwa waache maji ya mabwawa na wachimbe visima vya pampu ili watoto wasife kwa kuhara. Ushauri ulitolewa kwa nia njema na watoto wengi waliokolewa na vijidudu, lakini hakuna aliyepima aseniki. Ilipogunduliwa rasmi mwaka 1993, mamilioni ya visima yalikuwa yameshachimbwa. Kampeni ya kupima ilifuata, na pampu zikapakwa rangi: nyekundu kwa kisima kibaya, kijani kwa kinachofaa. Tukichimba kisima leo bila kupima, tunarudia kosa ambalo wenzetu wameshalilipia.

Huko aseniki ilikuwa nyingi. Ushahidi wa kiwango kidogo uko wapi?

Hapa ndipo penye mabishano.

Agosti 2008 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha uchambuzi wa watu wazima 788 waliopimwa mkojo katika uchunguzi wa afya wa taifa wa 2003 na 2004. Hawa walikuwa Wamarekani wa kawaida, wengi wao wakinywa maji yenye aseniki kidogo tu. Baada ya kuondoa kwa hesabu mchango wa samaki, wenye kisukari cha aina ya pili walikuwa na aseniki ya mkojoni asilimia 26 zaidi ya wasio nacho. Habari hiyo ilisambaa dunia nzima. Lakini mwaka uliofuata watafiti wengine walichukua takwimu zilezile, wakaitoa aseniki ya samaki kwa njia nyingine, na uhusiano ukapotea. Hoja yao ilikuwa na uzito, na ndiyo maana utafiti huo peke yake usingetosha kumshawishi mtu makini.

Kisha zikaja tafiti zilizopima maji kwanza, zikasubiri kuona nani ataugua. Katika bonde la San Luis, jimbo la Colorado, watafiti walikadiria maji aliyokunywa kila mtu maishani mwake. Mwaka 2013 waliripoti kwamba kila ongezeko la maikrogramu 15 kwa lita liliendana na ongezeko la asilimia 27 la hatari ya kupata kisukari. Hayo ni maji ambayo wengi wangeyaita ya kawaida.

Denmark walikuwa na kundi kubwa zaidi: watu wazima zaidi ya 50,000 wa Copenhagen na Aarhus walioandikishwa kati ya 1993 na 1997 na kufuatiliwa kwa karibu miaka kumi. Wastani wa aseniki kwenye maji yao ulikuwa kama maikrogramu 1 kwa lita, sehemu ya kumi tu ya kiwango kinachoruhusiwa kimataifa. Hata hapo, katika matokeo ya mwaka 2014, kila maikrogramu moja ya ziada iliendana na ongezeko la asilimia 3 la kisukari. Walipobaki na wagonjwa waliothibitishwa kwa masharti makali zaidi, ongezeko lilishuka hadi asilimia 2, na hesabu haikuweza tena kuondoa uwezekano wa bahati nasibu.

Upande wa pili kuna Araihazar, Bangladesh. Zaidi ya watu 11,000 walichunguzwa, na mwaka 2010 watafiti waliandika kwamba kwa maji yaliyo chini ya maikrogramu 300 hawakuona uhusiano na kisukari. Jopo la wataalamu lililoitishwa na mpango wa taifa wa Marekani wa uchunguzi wa sumu lilipitia tafiti zote zilizokuwepo, na mwaka 2012 likaandika kwamba kwa maikrogramu 150 na zaidi ushahidi unatosha kusema uhusiano upo, ila chini ya hapo bado hautoshi. Matokeo ya Colorado na Denmark yalikuja baada ya tathmini hiyo. Mimi nayapa uzito mkubwa kwa sababu ya mpangilio wake: maji yalijulikana kabla ugonjwa haujaja.

Kwa nini mpangilio huo ni muhimu hivyo?

Kwa sababu kisukari chenyewe kinavuruga vipimo. Mtu ambaye sukari yake iko juu ana kiu, anakunywa maji mengi kuliko jirani yake, kwa hiyo anaingiza aseniki zaidi kutoka kisima hichohicho. Papo hapo anakojoa sana, na mkojo wake unakuwa mwepesi. Ukimpima mara moja tu, huwezi kujua kama aseniki ilileta kisukari au kisukari kilibadilisha aseniki unayoiona.

Je, watu wote wanadhurika sawa?

Hapana. Ini huifanyia kazi aseniki kwa hatua mbili kabla ya kuitoa kwenye mkojo, na kasi ya hatua hizo hutofautiana kati ya mtu na mtu kwa urithi na kwa lishe. Katika mji wa San Antonio de los Cobres, kwenye milima ya Andes ya Argentina, maji yalikuwa na kama maikrogramu 200 kwa lita kwa vizazi vingi, na wakazi wa asili wa huko wengi wana aina ya jeni inayowasaidia kuitoa haraka.

Lishe nayo ina nafasi. Nchini Bangladesh, watu wazima waliopungukiwa na foleti walipopewa vidonge vyake, aseniki kwenye damu yao ilishuka ndani ya wiki kumi na mbili. Foleti ni ile iliyomo kwenye mchicha, maharage na kunde. Maji mabaya hayasafishwi kwa mboga, ila mtu anayekula vizuri ana kinga kidogo zaidi ya anayeshindia ugali na chumvi.

Hatari yangu mimi binafsi ni kubwa kiasi gani?

Tuchukue hesabu ya Denmark. Katika kila watu 1,000 wa kundi lile, kama 81 walipata kisukari ndani ya kipindi cha ufuatiliaji. Ongezeko la asilimia 3 juu ya hao 81 ni watu wawili au watatu zaidi. Kwa mtu mmoja ni kidogo. Umri, kitambi, kukaa bila kutembea, soda za kila siku, na mzazi au ndugu mwenye kisukari vina uzito mkubwa zaidi. Mtu akikuambia kisukari chako kimetokana na maji, muulize amejuaje; hakuna kipimo kinachoweza kuonyesha hilo kwa mgonjwa mmoja.

Lakini kwa kijiji au wilaya nzima inayokunywa kutoka mwamba mmoja, hao wawili watatu wanakuwa wengi. Na kisukari kikiwa sababu pekee ya kuiogopa aseniki tungeweza kusubiri. Siyo sababu pekee: saratani ya mapafu, ya kibofu na ya ngozi zimethibitishwa kabisa, na moyo na mishipa ya damu pia huathirika.

Mjamzito ana la ziada la kuangalia?

Ndiyo. New Hampshire, Marekani, ni jimbo ambalo watu wengi wana visima vyao binafsi. Wajawazito zaidi ya 1,100 walifuatiliwa huko, na mwaka 2016 ikaripotiwa kwamba kila ongezeko la maikrogramu 5 kwa lita kwenye maji ya kisima cha nyumbani liliendana na ongezeko la kama asilimia 10 la uwezekano wa kisukari cha mimba. Aseniki pia huvuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto.

Kuna jambo jingine ambalo kliniki zetu hazilisemi vya kutosha, nalo ni pemba, yaani udongo wa kula. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahoji wajawazito 340 katika maeneo ya wachimbaji wadogo Geita. Karibu nusu walikuwa wanakula udongo, na udongo huo ulipopimwa ulikutwa na aseniki pamoja na metali nyingine. Dada yangu, kama una hamu hiyo, mwambie mkunga bila aibu. Mara nyingi hamu ya udongo huendana na upungufu wa damu, na huo una dawa. Udongo wa sokoni huwezi kujua umechimbwa wapi.

Kanda ya Ziwa tuko kwenye hatari?

Baadhi ya maeneo, ndiyo. Watafiti waliopima maji karibu na migodi ya Geita na Mara wamekuta vyanzo vilivyovuka maikrogramu 10, vingine kwa mbali, huku vingine vya jirani vikiwa safi. Mwamba wa dhahabu wa kusini mwa Ziwa Viktoria una aseniki kwa asili, kwa hiyo hata kijiji kisicho na mgodi kinaweza kuwa nayo. Ukanda wenye dhahabu wa upande wa Kenya, Migori na Kakamega, unastahili tahadhari hiyohiyo.

Nasisitiza neno "baadhi". Visima viwili vilivyo hatua mia moja tu kutoka kimoja hadi kingine vinaweza kutofautiana mara kumi. Huwezi kukisoma kisima chako kwa kipimo cha jirani, wala kwa kina chake.

Zebaki ya wachimbaji ndiyo hiyohiyo?

Siyo. Zebaki huletwa na mtu ili kukamata dhahabu, aseniki imo kwenye jiwe lenyewe. Mwalo (mahali pa kuoshea dhahabu) ambao hautumii zebaki hata kidogo bado unaweza kuchafua maji kwa aseniki.

Nitaijua kwa ladha, harufu au rangi?

Hapana. Maji yenye aseniki yanaweza kuwa meupe, baridi na matamu. Madoa meusi mwilini na ngozi ngumu yenye vinundu kwenye viganja na nyayo ni dalili zinazokuja baada ya miaka mingi ya kiwango kikubwa. Kwa kiwango kidogo hutaona kitu.

Nachemsha maji na kuweka WaterGuard (dawa ya klorini). Inatosha?

Kwa vijidudu inatosha. Kwa aseniki haisaidii. Aseniki haifi kwa moto kwa sababu haina uhai, na ukichemsha muda mrefu maji yakapungua, inayobaki kwenye sufuria imekolea zaidi. Klorini huigeuza umbo lakini haiitoi majini. Kitambaa, chujio la mshumaa wa udongo na kuanika chupa juani ni hivyohivyo. Chujio la mkaa wa mifupa linalotumika Arusha limetengenezwa kwa ajili ya floridi, usilitegemee kwa hili.

Tafadhali usiache kuchemsha kwa sababu umesoma haya. Kipindupindu na homa ya matumbo huua ndani ya siku chache.

Napima wapi, na karatasi ya majibu naisomaje?

Wizara ya Maji ina maabara za ubora wa maji mikoani, Mwanza ikiwemo, na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina ofisi za kanda. Kabla ya kulipa uliza swali moja: mashine yenu inasoma aseniki hadi kiasi gani chini kabisa? Kama jibu ni miligramu 0.05 kwa lita, yaani maikrogramu 50, kipimo hicho hakikufai, kwa sababu kitakosa maji yote yaliyo kati ya 10 na 50. Unataka inayosoma chini ya 0.01.

Omba chupa yao. Mara nyingi ndani huwa na matone ya asidi ya kuzuia aseniki isishikane na kutu ikatulia chini, kwa hiyo usiisuuze. Piga pampu dakika kama tano ili maji yaliyolala kwenye bomba yatoke, ndipo ukinge. Andika jina la kisima, tarehe na saa. Ukiweza, pima kiangazi na masika, maana kiasi hubadilika.

Karatasi ikirudi, tafuta mstari wa aseniki, wakati mwingine umeandikwa "As" tu. Angalia kipimo kabla ya namba. Kikiwa mg/L, kiwango cha juu ni 0.01. Kikiwa µg/L, ni 10. Hapa watu hukosea sana: 0.04 inaonekana ndogo, kumbe ni mara nne ya kiwango. Na ukiona alama ya "chini ya", kama <0.05, usifurahi bado. Maana yake ni kwamba mashine haiwezi kuona kitu chini ya hapo, na maji yako yanaweza kuwa 0.03.

Vipo pia vifaa vya kupimia palepale kisimani. Maji huchanganywa na unga kwenye kichupa, gesi hupanda na kukutana na kikaratasi cheupe kilichofungiwa mfunikoni. Aseniki ikiwepo karatasi hugeuka njano, ikizidi hudhurungi, nawe unalinganisha na chati ya rangi. Vinafaa kutambua visima vibaya sana. Karibu na 10 macho hudanganya. Gesi yenyewe ni sumu, kwa hiyo fanya nje penye hewa.

Je, nipime mkojo?

Pima maji kwanza, ndiyo yatakayokuambia ufanye nini. Daktari akitaka mkojo, mwambie umekula nini. Samaki wa baharini, pweza, kamba na mwani wana aseniki ya kikaboni ambayo mwili huitoa bila madhara makubwa, lakini kipimo cha jumla huihesabu yote. Mtu wa Tanga au Lamu aliyekula pweza jana atapata majibu ya kutisha bure. Acha vyakula hivyo siku tatu nne kabla, na uliza kama maabara inaweza kutenganisha aina.

Maji ya kupikia nayo yanahesabika? Na ya kuoga?

Ya kupikia yanahesabika yote. Ugali, uji na wali hunywa maji yote ya sufuria, na aseniki inabaki chakulani. Mtu anayekunywa lita 2 za maji yenye maikrogramu 10 anaingiza 20 kwa siku, kabla hujaweka chai na ugali. Mchele una aseniki yake kidogo kutoka shambani. Ukiupika kwa maji mengi yaliyo salama kisha ukayamwaga, unapunguza. Kuoga na kufua ni salama, ngozi huingiza kidogo sana.

Kisima chetu kimezidi 10. Tukifunge?

Msikimbilie kukifunga. Kwanza pimeni tena kuthibitisha, kisha pimeni visima vya jirani. Nchini Bangladesh njia iliyosaidia watu wengi zaidi ilikuwa rahisi: kwenda kuteka kunywa kwenye kisima cha jirani kilichopimwa kikawa salama, na kile kibaya kikabaki cha kufulia. Inahitaji maelewano, na kwa kawaida mzigo wa kutembea unawaangukia kina mama na watoto, kwa hiyo baba wa nyumba na baiskeli yake nao waingie kwenye mpango.

Maji ya mvua ya bati safi ni chanzo kizuri. Acheni mvua ya kwanza ioshe bati, kingeni inayofuata, tieni dawa ya kuua vijidudu. Hata kama yanatosha kunywa na kupika kwa miezi ya masika tu, mmepunguza sehemu kubwa ya mwaka.

Mitambo ya kuchuja kwa shinikizo kupitia utando laini huitoa aseniki vizuri ikiwa na umeme na matunzo. Njia ya bei nafuu hutumia chuma: Nepal wana chujio la Kanchan lenye misumari ya chuma, vipande vya matofali, mchanga na kokoto, ambapo kutu hukamata aseniki na mchanga hukamata kutu. Lolote mtakaloweka, pimeni maji yanayotoka, na rudieni baada ya miezi, kwa maana chuma huchoka. Matope ya chujio yasimwagwe kwenye bustani.

Kitu ambacho singependa kukiona ni kijiji kuacha kisima chenye maikrogramu 15 na kurudi kwenye lambo lenye ng'ombe, au mto wenye kichocho. Kwa mtoto mdogo hayo ni mabadilishano mabaya. Ikiwa ni 15, mna muda wa kupanga na kamati ya maji na RUWASA, wakala wa maji vijijini. Ikiwa ni 200, tafuteni maji mengine ya kunywa wiki hiihii.

Nina kisukari tayari. Nibadilishe nini?

Usiguse dawa zako kwa sababu ya maji, na usipunguze kunywa maji. Kisima chako ndicho cha kupimwa mapema kuliko cha wengine, kwa kuwa unakunywa zaidi, na figo zako zinahitaji kulindwa kutoka kila upande. Katika jamii za wenyeji asilia wa Arizona, Oklahoma na majimbo ya Dakota, waliofuatiliwa tangu 1989, aseniki ya mkojoni iliendana hasa na kisukari ambacho hakijadhibitiwa vizuri.

Tukiacha kunywa maji hayo, aseniki itatoka mwilini?

Nyingi hutoka kwenye mkojo ndani ya siku chache hadi wiki moja mbili, na hilo ni faraja ya kweli. Madhara ya muda mrefu hayafutiki kwa kasi hiyo. Antofagasta, kaskazini mwa Chile, ilikunywa maji yenye zaidi ya maikrogramu 800 kuanzia 1958 hadi mtambo wa kusafisha ulipofunguliwa 1970, na saratani ziliendelea kuonekana kwa miongo kadhaa baadaye. Kwa hiyo mtu aliyekunywa maji mabaya kwa miaka mingi apime sukari kila mwaka hata baada ya kubadilisha chanzo: akiwa hajala tangu usiku, 7.0 mmol/L na zaidi ni kisukari, na kwa kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu (HbA1c) ni asilimia 6.5 na zaidi. Majibu yakiwa juu na huna dalili, rudia siku nyingine kabla ya kuanza dawa, na mweleze daktari umekunywa maji ya kisima gani na kwa miaka mingapi.